Street Bob 107: farasi 76, farasi 99, na nilipoishia

Pikipiki ninayoieleza hapa ni Harley-Davidson Street Bob ya mwaka 2018, yenye injini ya Milwaukee-Eight 107. Niliinunua mkono wa pili hapa Fort Worth, Texas, mwishoni mwa 2020, ikiwa na maili 6,200, na aliyeniuzia hakuwa ameigusa hata skrubu moja. Sasa imepita maili 31,000. Nimeiendesha ikiwa na sura tatu: kwanza kama ilivyotoka kiwandani, kisha ikiwa na eksozi, filta ya hewa na programu mpya ya injini, halafu ikiwa imefunguliwa na kutiwa kemshafti, kile chuma kinachofungua na kufunga valvu, ya kutafuta farasi wengi, kile kipimo cha nguvu za injini. Leo imerudi kwenye sura ya pili. Vijana wetu wanaonunua kruza huku, yaani pikipiki kubwa za mwendo wa kutulia kama hii, hunipigia simu, na swali lao la kwanza, kabla hata hawajamaliza maili mia, ni hili: "Kaka, nianze kuongeza nini?" Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, na riziki yangu naipata kwenye lori. Kabla ya lori nilikuwa nikimshikia spana mjomba wangu, fundi wa pikipiki. Vijana wa boda walikuwa wakimjia na Boxer zao wakimwomba awatobolee eksozi ili ilie. Mjomba alikataa siku zote, bila ukali. Aliwaambia, "Mwanangu, hapa utapata sauti, utapoteza mvuto, na mafuta utanunua wewe." Maneno yale nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nikadhani nimeyaelewa.

Nianze na pikipiki yenyewe, maana anayeongeza kitu lazima ajue kwanza alichonacho. Injini ya Milwaukee-Eight ilianza kwenye pikipiki za safari ndefu za mwaka 2017. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye familia ya Softail iliyoundwa upya, iliyozichukua pia pikipiki za familia ya Dyna, na Street Bob ni mojawapo. Silinda ni mbili, zimeachana kwa pembe ya digrii 45, kila moja ina valvu nne. Ndiyo ile nane ya kwenye jina. Ujazo ni inchi 107, yaani cc 1,746. Pistoni ina upana wa milimita 100 lakini inatembea milimita 111, na hapo ndipo tabia yote ya injini hii ilipo: pistoni yenye mwendo mrefu kuliko upana wake hupenda kusukuma kwa nguvu ikiwa bado inazunguka taratibu. Mwisho wake ni karibu mizunguko 5,500 kwa dakika, na kiwanda kimeipanga itoe nguvu yake kubwa ya kusokota kwenye mizunguko 3,000 tu.

Hiyo nguvu ya kusokota, wenyewe huiita toki, ndiyo watu huichanganya na farasi. Mfikirie hamali wa soko la Kongowea aliyeinama nyuma ya mkokoteni wa viazi na gurudumu limekaa shimoni. Ule msukumo wa kwanza unaolitoa gurudumu shimoni ni toki. Farasi ni hesabu ya kazi nzima: msukumo wake ukiuzidisha kwa haraka yake. Kwa vipimo vya Kimarekani, chukua toki kwa pauni-futi, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 5,252, utapata farasi. Hesabu hii ndogo ningeijua kabla ya kutoa pesa, ningebaki nazo. Inasema kwamba ukitaka farasi wengi bila kuongeza ukubwa wa injini, njia uliyonayo ni kuifanya injini isukume vizuri ikiwa inazunguka haraka sana. Na kruza haikai huko.

Hebu tazama inakokaa. Kwenye barabara kuu, gia ya sita, maili 70 kwa saa, Street Bob yangu inazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Mjini, kati ya taa na taa, nabadilisha gia kwenye 2,800 au 3,000. Nilipoanza kuliangalia jambo hili kwa makini, nikagundua kuwa wiki nzima inapita sijafika 4,000 hata mara moja, na sikuwa naendesha kwa woga.

Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, pikipiki hii ilinipa raha ambayo sikuijua thamani yake. Uzito wake ukiwa na mafuta ni karibu kilo 297, lakini ukifungua mafuta kwenye gia ya nne kwa mizunguko 2,000 inaondoka kama meli inavyoacha gati, bila kelele na bila kusita. Ndani ya injini mna vyuma viwili vya kuzuia mtikisiko, kwa hiyo mikono haifi ganzi. Tanki ni dogo, lita 13.2 tu, ila ilikuwa ikinipa kama kilomita 20 kwa lita. Vitu viwili ndivyo vilivyonisumbua. Sauti ilikuwa ya chini mno kwa injini ya ukubwa ule, nami nasema wazi kwamba nilikuwa naipenda sauti. Na joto: mwezi wa Agosti, nyuzi 40, umesimama kwenye taa za Camp Bowie, silinda ya nyuma ikikuchoma paja la kulia. Injini inayopozwa kwa hewa na oili ikisimama haina upepo, na mafuta yake yamepimwa kwa ubahili ili hewa chafu iwe kidogo: karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Mchanganyiko mkavu namna hiyo unaungua safi, na joto lake ni kali.

Ndiyo nikaanza na kile wanachokiita hatua ya kwanza. Eksozi mbili, dola 620. Filta ya hewa yenye mdomo mpana, dola 240. Kifaa cha kuiandikia kompyuta ya injini programu mpya, dola 450. Jumla dola 1,310, na kazi ya mkono nikaifanya mwenyewe gereji ya nyumbani kwa Jumapili moja. Usifungue eksozi na filta ukaacha programu ile ile ya zamani. Injini itapata hewa zaidi na petroli ile ile, na utaikausha zaidi badala ya kuisaidia. Na kabla ya kununua chochote angalia kama kina nambari ya EO, yaani kibali, ya CARB, bodi ya hewa ya California, maana sheria ya hewa safi ya Marekani haichezi na wanaogusa vifaa vya moshi. Mwaka 2016 Harley-Davidson wenyewe walikubaliana na EPA, shirika la mazingira la Marekani, kulipa faini ya dola milioni 12 kwa sababu ya vifaa vya aina hii vya kubadilisha programu. Upande wa pili, mwaka 2022 tume ya biashara, FTC, ilisimama na wateja kwamba dhamana isifutwe eti kwa sababu tu umefunga kipuri cha kampuni nyingine. Kwa hiyo soma karatasi zako, usitishwe na usijitishe.

Matokeo? Mazuri, na madogo. Nina karatasi za daino, ule mtambo wa pipa zito la chuma ambalo tairi la nyuma hulizungusha na kompyuta ikapima. Kabla: farasi 76 na toki Nm 137 (nyutoni-mita) kwenye tairi. Baada: farasi 84 na Nm 145. Joto la pajani lilipungua kiasi cha kuhisiwa, sauti ikawa nzito bila kuwaudhi majirani, na ile kusitasita kidogo ninapofungua mafuta kutoka chini ikaisha. Kama hadithi ingeishia hapo ningeandika mistari kumi na kuwaambia nunueni.

Haikuishia hapo kwa sababu ya daino yenyewe. Mtu akishapewa karatasi yenye namba, namba ile inamkaa kichwani. Jumamosi watu wanakusanyika kwenye kituo cha daino, kila mmoja na karatasi yake, na hakuna anayeuliza pikipiki yako inakwendaje. Wanauliza ina ngapi. Yangu ilikuwa na 84. Pembeni yangu palikuwa na ya 97, injini ile ile 107, na mwenye nayo akanieleza kwamba ni kemshafti tu. Usiku ule nililala nikiwaza mia.

Fundi wa kituo kile ni mtu mzima, mwenye mikono safi ya kazi, na aliniuliza swali moja tu kabla ya kuandika oda: "Unaendeshea wapi?" Nikamjibu, "Kila mahali." Akaniangalia, akaandika. Alinionyesha kemshafti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya toki, yenye kuongeza nguvu chini na katikati, ikimalizikia farasi kama 90. Ya pili ilikuwa ya juu. Nikaichagua ya pili. Kemshafti, tapeti mpya, fimbo za kusukumia valvu, springi ngumu zaidi, kazi ya fundi na kupanga programu juu ya daino: dola 2,670. Kazi yenyewe ilifanywa vizuri sana, hakuna tone la oili lililovuja. Karatasi ikatoka na farasi 99 kwenye mizunguko 5,400. Mwezi wa kwanza niliitembeza karatasi ile kila nilikokwenda.

Sasa nieleze kemshafti ya namna ile inafanya nini, maana sijasikia mtu akilieleza jambo hili kwa Kiswahili, na ndilo lenye maana kuliko yote niliyoandika.

Kemshafti ndiyo bawabu wa injini. Inaamua valvu ifunguke lini, kwa kiasi gani, na ifungwe lini. Waliowahi kuvuka feri ya Likoni asubuhi wataelewa haraka. Lango likifunguliwa na umati ukiwa mzito, watu wakija kwa kasi, bawabu akichelewa kulifunga wanazidi kuingia hata baada ya feri kuonekana imejaa; ule msukumo wa walio nyuma unawashindilia walio mbele. Lakini mchana, watu ni wachache na wanatembea kwa kujivuta, lango likiachwa wazi muda ule ule, walioingia wanaona nafasi ya kugeuka na kutoka. Hewa ni vivyo hivyo. Kemshafti ya farasi wengi hulichelewesha lango. Injini ikizunguka 5,000, hewa inakuja na kishindo chake na inaendelea kujaa ndani ya silinda hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Ikizunguka 2,300, hewa ile haina kishindo. Pistoni ikipanda inaisukuma irudi ilikotoka. Silinda inabaki na pumzi pungufu, na pumzi pungufu ni toki pungufu.

Karatasi yangu ilikuwa imeyasema yote hayo, ila mimi niliangalia namba ya mwisho tu. Baadaye, nimekaa mezani kwangu, niliziweka karatasi mbili juu ya nyingine na kuzinyanyua dhidi ya taa. Kwenye mizunguko 2,500, hatua ya kwanza ilikuwa na Nm 139. Kemshafti ya farasi 99 ilikuwa na Nm 118. Mistari ile miwili ilikuja kukutana karibu na 3,600, na kuanzia hapo kwenda juu ndipo pesa yangu ilipo. Chini ya hapo, ambako naishi, nilikuwa nimelipa dola 2,670 ili nipunguziwe nguvu. Pikipiki ilikuwa dhaifu hata kuliko ilivyotoka kiwandani.

Lakini sikuijua kwa karatasi. Niliijua barabarani, na ningeweza kuilipia kwa kitu kikubwa kuliko dola.

Mzee wangu mmoja hapa, mtu wa Bukavu ninayemwita Papa, ana Street Bob kama yangu, 2018, injini 107, na yeye injini hajaigusa. Tulikwenda naye Hill Country, eneo la vilima hapa Texas, mwezi wa Aprili kuendesha zile barabara tatu wanazoziita Twisted Sisters, namba 335, 336 na 337, zinazozunguka mji mdogo wa Leakey kando ya mto Frio. Tukashuka kutokea Junction kwa barabara ya 83, njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mbele yetu kulikuwa na pikapu inavuta trela la marobota ya majani. Papa alisubiri nafasi, akatoka, akafungua mafuta akiwa gia ile ile, akapita na kurudi upande wake kama mtu anayefungua mlango wa chumbani kwake. Nikamfuata. Gia ya sita, mizunguko kama 2,200. Nikafungua mafuta yote.

Haikwenda. Ilinguruma, hiyo ndiyo iliyonidanganya, masikio yalisikia nguvu ambayo tairi haikuipata. Nilikuwa ubavuni mwa trela, gari jeupe linakuja, na pikipiki ya farasi 99 ikinipandisha taratibu kama mzigo wa mtu mwingine. Nikakata mafuta, nikarudi nyuma ya trela. Dereva wa lile gari alinipita akipiga honi, na alikuwa na haki. Ningeteremsha gia mbili kwanza ningepita vizuri, najua. Hivyo ndivyo injini ile ilivyotaka iendeshwe. Ila sikununua kruza ili kila ninapotaka kulipita trela la majani nipige gia mbili chini na kuifikisha 4,500.

Tuliposimama Leakey kunywa kahawa Papa hakusema neno kuhusu lile. Aliniuliza tu, kwa sauti ya upole, "Mwana yangu, unabadilishaka gia kila dakika, sababu gani?"

Kesho yake tukapanda 337 kuelekea Vanderpool. Barabara ile inapanda na kushuka milimani, kona zimefuatana, nyingine zinajikunja katikati wakati umeshaingia. Papa ana miaka sitini na miwili. Nilimwona mgongo kwa kona tatu za kwanza, baadaye sikumwona. Nikitoka kwenye kona naisikia injini yangu ikitafuta pumzi. Ikishaipata, kona nyingine imefika na lazima nifunge breki. Street Bob hutoka na diski moja mbele. Kwa injini iliyotoka nayo kiwandani diski ile inatosha na kubaki. Kwa mtu anayeikimbiza kwa vipindi kama nilivyokuwa nafanya, kuvuta kwa nguvu kisha kubana kwa nguvu, ilianza kupata moto na mkono wa breki ukawa laini. Halafu kuna jambo ambalo farasi hawaligusi kabisa: Street Bob hulala kona karibu digrii 28 tu kabla vikanyagio havijakwangua lami. Uwe na 76, uwe na 99, hapo ndipo mwisho wa kona yako.

Papa alikuwa ametumia pesa zake mahali pengine. Shokapu ya nyuma, ile moja iliyojificha chini ya kiti, aliiweka nyingine bora na ndefu kidogo, kwa hiyo vikanyagio vyake vilikaa juu kuliko vyangu. Shokapu za mbele alizitia springi za uzito wake. Pedi za breki nzuri, tairi mpya. Jumla alitumia kama dola 1,700. Nilibadilishana naye pikipiki kutoka Vanderpool kurudi Leakey, na zile dakika arobaini zilinifundisha kuliko Jumamosi zote za daino. Mashimo niliyoyapita asubuhi nikirushwa, yake iliyameza. Nikifungua mafuta katikati ya kona, kwenye 2,500, inavuta papo hapo, sawasawa, kama uzi unaotolewa kwenye kibunda. Nilikuwa nikicheka ndani ya helmeti kwa raha. Na Papa, alipoteremka kwenye yangu, alisema ina sauti nzuri.

Mengine yaliyokuja na kemshafti nayataja haraka. Klachi ilianza kuteleza kwenye gia ya tano nikiifungua juu, nikanunua springi ngumu zaidi, na mkono wa kushoto ukaanza kuchoka mjini. Mafuta yalishuka hadi kilomita 16 kwa lita. Kwa tanki lile ni tofauti ya kilomita hamsini na zaidi, na milimani kule vituo haviko kila kona. Kusimama kwenye taa, injini ilikuwa ikiyumba kwa ule mdundo wa kukatikakatika ambao wengi wanaupenda, nami niliupenda, hadi nilipougundua kuwa ndio ule ule upungufu wa pumzi ukisikika.

Sitaki mtu aelewe kwamba napinga kuongeza nguvu. Anayekwenda uwanja wa mbio za robo maili anaanza na injini ikiwa juu na anabaki juu, na kemshafti ile ingemfaa sana. Anayebeba mke na mizigo kwenye pikipiki nzito ya safari ana sababu ya kweli ya kutaka zaidi, lakini yeye atafute ukubwa wa injini, si mizunguko: Harley-Davidson wenyewe wanauza injini nzima ya inchi 131, cc 2,147, wanayoitangaza kwa farasi 121 kwenye tairi la nyuma, na toki yake inajaza mstari wote kuanzia chini. Na anayewapenda farasi kwa ajili ya farasi, nampa ushauri nilioukosa: nunua pikipiki iliyozaliwa nao. Sportster S ya mwaka 2021 ilitangazwa kwa farasi 121 kutoka kwenye injini ya cc 1,252, kwa sababu iliundwa tangu mwanzo izunguke juu na ipozwe kwa maji. Triumph Rocket 3 ya cc 2,458 ilipozinduliwa mwaka 2019 ilikuwa na farasi karibu 165 na toki Nm 221, ikiwa na fremu, breki na tairi zilizopimwa kwa nguvu hiyo na wahandisi wake. Ukijumlisha nilichotumia juu ya bei niliyonunulia, nilikuwa nimeshaukaribia mlango wa pikipiki za namna hiyo, na nilichokuwa nacho ni diski moja mbele na tairi la nyuma la 150.

Nilirudi kwa fundi mwezi wa Juni. Sikuwa na la kumlaumu na nilimwambia hivyo. Alizirudisha kemshafti na springi za kiwandani, ambazo kwa bahati nilikuwa nimezihifadhi, akaipanga upya programu ya hatua ya kwanza. Karatasi ikatoka farasi 83. Pesa zilizobaki niliweka kwenye shokapu za mbele na nyuma, pedi, bomba la breki la chuma kilichosukwa, na tairi.

Hivyo ndivyo inavyoendeshwa sasa, maili 9,000 tangu nizirudishe. Kwa ambaye ndiyo kwanza ameichukua: iendeshe msimu mzima kama ilivyo, na uangalie kipimo cha mizunguko kila siku, uandike kama unaweza. Ukiona inakuchoma na inasitasita, fanya hatua ya kwanza kwa vifaa halali na programu iliyopangwa vizuri. Kabla ya kugusa kilicho ndani ya injini, malizia shokapu na breki. Ukishayafanya hayo na bado unataka kemshafti, chukua ile ya toki, na mwambie fundi akuonyeshe mstari wote kuanzia 2,000, si namba ya juu peke yake.

Ile kemshafti ya farasi 99 bado ninayo, imefungwa kwa kitambaa chenye oili, pamoja na springi zake, haijamaliza hata mwaka. Mwenye injini ya 107 anayeihitaji nitampa bure. Nitamwuliza kwanza anaendeshea wapi.